Ahadi ni Deni: Mizuka Inayoliza katika Katuni za Samurai

Samaki wamepoa. Sake imemiminwa, haijaguswa. Msomi maskini Hasebe Samon ameshinda mlangoni akimngoja samurai Akana Soemon, ndugu yake wa kiapo, aliyeahidi kurudi siku ya 9 ya mwezi wa 9, sikukuu ya maua ya krisantemu. Jua limezama, na mama mzee amekwisha kumsihi mwanawe aingie ndani alale. Usiku umekwenda sana mtu anapojitokeza gizani, kama anayesukumwa na upepo. Ni Akana. Anakaribishwa, anaandaliwa, hali. Anajifunika uso kwa mkono wa vazi lake kana kwamba harufu ya samaki inamchefua. Kisha anasema kweli yake: kule kwao Izumo alifungiwa ngomeni, siku zikamwishia, akakumbuka kauli ya wahenga kwamba binadamu hawezi kwenda ri 1,000 kwa siku moja, ila roho yaweza. Ri moja ni karibu kilomita 3.9. Akajiua kwa upanga wake ili awahi.

Hadithi hiyo, Kikka no Chigiri, imo katika Ugetsu Monogatari, mkusanyiko wa hadithi 9 wa Ueda Akinari uliochapishwa mwaka 1776. Si katuni. Hata hivyo naianzia hapo kwa sababu kila katuni ya samurai yenye mzuka unaoliza, nikiifungua, nakuta kiini kilekile: ahadi ni deni. Mzuka ni deni lililobaki na sura ya mtu. Na hapo ndipo samurai anapokwama, kwa kuwa kazi aliyofunzwa tangu utotoni ni kukata, na deni halikatwi. Dawa ya deni kulipa.

Nitafichua miisho ya hadithi kadhaa. Kama hujasoma Dororo, Usagi Yojimbo, Mugen no Junin au Kimetsu no Yaiba, na unapenda taharuki kuliko maelezo, kasome kwanza kisha urudi.

Kila kiumbe na anachodai

Wachoraji wa Japani hawachanganyi viumbe vyao, na msomaji akivichanganya anakosa nusu ya hadithi. Yurei ni mzuka wa mtu aliyekufa, na humfuata mtu au jambo fulani. Onryo ni yurei mwenye kisasi, kama Sugawara no Michizane, mtumishi mkuu wa serikali aliyefia uhamishoni mwaka 903. Misiba ilipouandama mji mkuu, watu waliamini ni yeye, wakamjengea mahekalu ili atulie. Yokai ni jina pana la viumbe vya ajabu, wengi wakiwa na makazi yao, mtoni au mlimani, nao hawana kinyongo na mtu maalumu. Oni ni zimwi lenye pembe. Tsukumogami ni chombo kilichofikisha miaka 100 kikapata roho, na hapo ndipo panga zenye akili zao zinapopata uhalali.

Tofauti hii inaamua mapigano yataishaje. Yokai unaweza kumpiga, kumhadaa au kumpa anachopenda: kappa, kiumbe wa mtoni, hupenda matango, na ukimwinamia kwa heshima naye huinama, maji yaliyo kwenye kisahani cha utosini yakamwagika na nguvu zikamwishia. Hadithi za namna hiyo zinafurahisha. Yurei ukimpiga upanga unapita hewani. Lazima umuulize anadai nini. Katuni inayoliza karibu kila mara ni ya yurei, au ya yokai ambaye katikati ya hadithi tunagundua alikuwa mtu.

Mzuka wa kijadi una alama zake. Kanzu nyeupe ya maziko, kitambaa cha pembetatu kwenye paji la uso, nywele zilizoachiliwa, mikono iliyolegea mbele, na hakuna miguu. Sura hiyo isiyo na miguu huhusishwa na mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18. Saa yake ni robo ya tatu ya saa ya Ng'ombe, takriban saa 8 hadi saa 8 na nusu za usiku. Mchoraji mzuri huzitumia alama hizi kwa ubahili. Akizimimina zote kwenye kisanduku cha kwanza, msomaji anaona vazi tu, hamwoni mtu aliyekufa.

Umbo lililotoka jukwaani

Watu wengi hudhani hadithi hizi zilichukua umbo lake kwenye filamu. Zamani zaidi kuna noh, tamthilia ya kale ya Kijapani. Zeami, aliyezaliwa karibu mwaka 1363, aliandika Atsumori kutokana na vita vya Ichi-no-Tani vya mwaka 1184. Humo shujaa Kumagai Naozane alimkamata kijana Taira no Atsumori, mwenye umri wa mwanawe. Alitaka kumwachilia, lakini wenzake walikuwa wanakuja nyuma nao wasingemwacha hai, akamkata kichwa mwenyewe. Kiunoni mwa maiti akakuta filimbi. Kumagai akawa mtawa.

Katika tamthilia, mtawa huyo anarudi kwenye uwanja wa vita kumwombea marehemu. Anakutana na wavuna majani, mmoja wao akipiga filimbi. Wenzake wanaondoka, yeye anabaki na kuomba dua. Usiku anarudi akiwa amevaa silaha zake: ndiye Atsumori. Anasimulia kifo chake, anainua upanga amkate adui yake, kisha anauacha, kwa sababu adui huyo ndiye anayemwombea.

Tazama mpangilio wake. Msafiri anafika mahali. Mtu wa kawaida anamsimulia jambo huku akijua mno kuliko anavyopaswa kujua. Nusu ya pili mtu yule anarudi katika umbo lake la kweli na kuomba kitu. Mwondoe mtawa, weka ronin, samurai asiye na bwana, na umepata kiunzi cha hadithi nyingi sana za katuni za samurai. Ronin anafaa kwa sababu ya kazi: samurai mwenye bwana tayari ana mdai wake, hawezi kusimama njiani kulipa madeni ya wafu wasiomhusu. Ronin hadaiwi na aliye hai yeyote, basi wafu wanampata.

Dororo: anapopata masikio

Osamu Tezuka alianza kuchapisha Dororo mwaka 1967. Bwana mmoja wa vita, Daigo Kagemitsu, anakwenda kwenye ukumbi wenye sanamu 48 za mashetani na kuwaahidi viungo vya mtoto wake aliye tumboni ili naye apate utawala. Mtoto anazaliwa bila macho, masikio, pua, mikono wala miguu, anatiwa kwenye chombo na kuachwa mtoni. Tabibu Jukai anamwokota na kumtengenezea viungo bandia, mikononi akaficha panga. Mtoto huyo, Hyakkimaru, kila akiua shetani anarudishiwa kiungo kimoja.

Kwa mchezo wa kawaida huo ungekuwa mfumo wa zawadi: ua, pokea, endelea. Ukuu wa Dororo ni kwamba zawadi inauma. Mfano wangu wa kudumu ni kisa cha upanga Nihiru. Samurai Tanosuke aliamriwa na bwana wake awaue mafundi waliojenga ngome ili siri zake zisitoke. Alitii. Upanga ukaonja damu na haukuacha kuidai. Sasa yeye anaua ovyo kila anakopita, na dada yake, Osushi, amekuwa akimngoja miaka arudi. Hyakkimaru anamuua. Katika toleo la uhuishaji la mwaka 2019, hapo ndipo anaporudishiwa usikivu wake, na sauti ya kwanza ya binadamu anayoisikia maishani ni kilio cha Osushi juu ya maiti ya kaka yake.

Hakuna anayesema neno la kufafanua. Hakuna haja. Ahadi ya baba ilichukua masikio, upanga ukayarudisha, na masikio yakaleta msiba wa mtu mwingine ambao upanga uleule umeusababisha. Ona pia deni linavyopita mikononi: bwana aliyeamuru mauaji hayupo kabisa, Tanosuke amelipa, Osushi amelipa zaidi.

Toleo hilo la 2019 lilipunguza mashetani kutoka 48 hadi 12, na nadhani lilifanya vyema, kwa sababu kila moja lilipata uzito wake. Liliongeza pia jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: nchi ya Daigo inastawi kweli kwa sababu ya mkataba. Mvua inanyesha, mavuno yapo. Kila kiungo anachorudishiwa Hyakkimaru kinarudisha ukame na maradhi kwa wakulima ambao hawakumkosea chochote. Mdogo wake, Tahomaru, anapopigana naye anawatetea watu hao. Ndugu wawili, kila mmoja ana haki, na aliyekopa ni baba yao.

Na kuna Mio, msichana anayelea mayatima wa vita katika hekalu bovu na kuuza mwili wake kwa askari ili watoto wale. Wanauawa wote na askari wa kawaida, Hyakkimaru akiwa hayupo. Katika hadithi iliyojaa mazimwi, kisa cha kutisha kuliko vyote hakina zimwi hata moja.

Sungura, mkuki na mtoto mmoja

Stan Sakai alizaliwa Kyoto, akakulia Hawaii, na mhusika wake Miyamoto Usagi alitokea mara ya kwanza mwaka 1984. Usagi ni sungura, ronin wa mwanzo wa enzi ya Edo, karne ya 17. Msomaji mgeni huwa na shaka: wanyama wanaovaa kimono watanilizaje? Wanakuliza hasa kwa sababu uso wa sungura una mistari michache. Sakai akiinamisha masikio kidogo tu, umeona huzuni yote.

Nguvu yake iko katika hadithi fupi, za kurasa 20 hadi 24 hivi, na ukitaka kuandika hadithi ya namna hii anzia hapo. Kurasa 4 za mwanzo zipe njia: mvua, njaa, mahali pa kulala panatafutwa. Hapo usitie mzuka, tia kasoro moja tu, kama mwenyeji ambaye hagusi chakula, au nyumba isiyo na moshi. Kurasa 5 au 6 zinazofuata ni za kumpenda mtu huyo. Usizipunguze hizi, ndizo mtaji wako. Katikati, ukurasa wa 11 au wa 12, deni lijulikane, lakini lijulikane nusu. Kisha pigano, na pigano liwe na adui asiye sahihi: ronin anaua majambazi, anadhani amemaliza, kumbe bado. Kurasa 3 za malipo zinatosha. Malipo yenyewe yawe kitu kidogo kinachoshikika: mfupa unaozikwa, jina linalotamkwa, mwanasesere anayefikishwa kwa mwenyewe. Ukurasa wa mwisho mrudishie njia.

Hadithi ndefu zinampa Sakai nafasi nyingine. Grasscutter, iliyopata tuzo ya katuni ya Eisner mwaka 1999 kama hadithi bora ya mfululizo, inarudi hadi vita vya Dan-no-ura vya mwaka 1185, mfalme mtoto Antoku, mwenye umri wa miaka 6, alipozama baharini na ukoo wake wa Taira, na upanga mtakatifu Kusanagi ukapotea. Sakai haharakishi tukio hilo. Mtoto anaingia majini, na kila anayeugusa upanga ule baadaye anaugusa akiwa na uzito huo mkononi.

Lakini kiumbe wa kutisha na wa kusikitisha zaidi katika mfululizo huo ni Jei. Ni mwili uliovamiwa na pepo, macho hayana mboni, mkuki wake una ubavu mweusi, naye anaamini ametumwa na miungu kuua waovu. Kila anayemtazama anamkuta na uovu, hivyo anaua takriban kila mtu. Isipokuwa Keiko. Ni mtoto mdogo, yatima, na Jei haoni doa kwake. Anatembea naye. Keiko anamwita mjomba. Pepo lile linapohamia katika mwili wa mwanamke mpiga upanga Inazuma, Keiko anaendelea kulifuata na sasa anamwita shangazi.

Sakai angeweza kumfanya Keiko mateka. Hakufanya hivyo. Mtoto anapendwa kweli, analishwa, analindwa, na anayemlinda ndiye uovu mkubwa kuliko wote duniani mwake. Kila mara wanapotokea pamoja msomaji anataka mambo mawili yasiyowezekana kwa pamoja: Jei afe, na Keiko asibaki peke yake. Hilo halina suluhisho la upanga, na kwa sababu hiyo halichoshi.

Kuna kitu kingine kidogo cha Sakai ambacho wengi hukipita: mtu akifa, kinywani mwake hutoka puto la maneno lenye fuvu ndani. Kwanza linachekesha. Baada ya hadithi kadhaa unaanza kulitafuta kwa hofu kwa mhusika unayempenda aliyeanguka, na ukikuta puto halipo unajua bado anapumua.

Aliyekatazwa kufa

Mugen no Junin ya Hiroaki Samura, inayofahamika kwa Kiingereza kama Blade of the Immortal, ilichapishwa kuanzia mwaka 1993 hadi 2012 katika juzuu 30. Manji ameua watu 100, akiwemo mume wa dada yake Machi, na Machi akapoteza akili. Mtawa wa kike mwenye umri wa miaka 800, Yaobikuni, alimtia mwilini kessenchu, minyoo ya damu inayounga nyama na mifupa. Manji anaahidi kuua waovu 1,000 ndipo aachiwe afe. Rin, binti aliyeuliwa wazazi, anamwajiri kama mlinzi.

Hapa mzuka ni mtu aliye hai. Samura ameweka masharti mawili yanayookoa hadithi isiwe ya shujaa asiyeshindwa: kila jeraha linauma kama la mtu yeyote, na uwezo wa Manji wa kupigana umeshuka kwa sababu asiyeogopa kufa hajilindi. Yaani zawadi imeharibu ufundi. Halafu anamkutanisha na Shizuma Eiku, mwingine mwenye minyoo ileile, aliyeishi vizazi vingi na kuchoka. Manji anamtazama na kuona safari yake inakoelekea.

Mwisho wa kitabu unaruka hadi enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868. Rin alikwisha kufa zamani. Manji yupo vilevile, na mbele yake anasimama msichana mdogo, kizazi cha Rin. Samura anautuliza ukurasa na kuacha nyuso zifanye kazi.

Filimbi iliyokatwa

Kimetsu no Yaiba ya Koyoharu Gotouge, sura 205 kuanzia 2016 hadi 2020, imewekwa enzi ya Taisho, miaka ya 1912 hadi 1926, wakati samurai hawapo tena na kubeba upanga hadharani kumepigwa marufuku tangu 1876. Hata hivyo ndani yake imo hadithi ya samurai ambayo naiweka juu ya zote za miaka ya karibuni.

Kokushibo, zimwi lenye macho 6, alikuwa samurai Michikatsu Tsugikuni wa enzi ya vita. Ana pacha, Yoriichi, ambaye hakusema neno mpaka alipotimiza miaka 7. Michikatsu alimhurumia, akamchongea filimbi, akamwambia aipulize akipata shida, kaka yake atakuja. Baadaye ikajulikana Yoriichi ana kipaji cha upanga ambacho hakuna mazoezi yanayokifikia. Huruma ikageuka wivu. Wapiganaji wenye alama mwilini hufa kabla ya kufikisha miaka 25, na Michikatsu, akikosa muda wa kumfikia mdogo wake, akauza ubinadamu wake ili apate muda.

Zaidi ya miaka 60 baadaye wanakutana usiku. Yoriichi ni mzee wa miaka zaidi ya 80, anamlilia kaka yake, kisha kwa pigo moja anakaribia kumkata shingo. Pigo la pili haliji: amekufa kwa uzee, amesimama wima. Kwa hasira Michikatsu anaikata maiti vipande viwili, na kutoka kifuani inaanguka filimbi ile, nayo imekatika.

Aliibeba maisha yake yote. Karne kadhaa baadaye Kokushibo naye anauawa, na katika majivu ya vazi lake filimbi hiyohiyo iliyokatika inabaki. Alikuwa anaitunza.

Kumbuka filimbi ya Atsumori. Sisemi Gotouge kaichukua huko. Nasema kifaa hiki kina sifa zinazokifaa. Ni kidogo, kinakaa mwilini, hakina thamani sokoni, na kiliumbwa kwa pumzi ambayo sasa haipo. Upanga usingefanya kazi hiyo, kwa sababu upanga kila mtu anao. Ukitunga, tafuta kifaa cha namna hiyo, kionyeshe mara 3: kinapotolewa, kinapotumika au kukosa kutumika, kinapokutwa. Mara 2 ni pungufu, msomaji atakuwa amekisahau. Mara 5 atakuwa anakingoja, na machozi hayaji kwa miadi.

Kuhusu Kimetsu nitasema pia linalonisumbua. Kuonyesha maisha ya zimwi baada ya shingo kukatwa ni mbinu inayoishiwa nguvu ikirudiwa. Kisengerenyuma kinapokuja baada ya pigo la mwisho, kwa adui ambaye hatukuona hata mara moja akisita, kinakuwa ombi la huruma lililochelewa. Kwa Kokushibo kinafaulu kwa sababu kabla hajafa anajiona kwenye ubavu wa upanga wa adui yake, anaona alivyogeuka, na mwili wake unaacha kujiponya. Kusita kwake kumetokea mbele ya macho yetu.

Karatasi inavyofanya kazi

Machozi mengi hupotea kwenye mpangilio wa kurasa. Katuni ya Kijapani, yaani manga, husomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ukifunua, jicho linatua kwanza ukurasa wa kulia. Mzuka unapofunuliwa ni nani, uwe pale. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kushoto uliotangulia kiwe cha mtu anayegeuza kichwa, au mlango unaosogea, basi. Katika katuni ya kushoto kwenda kulia kama Usagi, geuza: ufunuo uwe ukurasa wa kushoto, ambao kwa kawaida una namba shufwa. Ukikosea ukurasa mmoja, jicho la msomaji litaona mzuka pembeni kabla hajamaliza maneno yanayoutangulia, na hapo umeshampoteza.

Wakati uliopita katika manga mara nyingi huonyeshwa kwa kuzipaka nyeusi nafasi zilizo kati ya visanduku. Hii inakuruhusu kuingia na kutoka kwenye kumbukumbu bila maneno kama "miaka mingi iliyopita". Ukimya nao una sauti inayoandikwa, shiin, na mizuka ina ngoma yake iliyotoka kwenye kabuki, tamthilia ya Kijapani: doro-doro. Ushauri wangu: katika kurasa za malipo futa sauti zote, hata shiin. Kurasa 2 zisizo na maandishi baada ya pigano lenye kelele msomaji anazisikia.

Kuhusu maneno, mzuka useme machache kuliko kila mtu. Hitilafu ninayoikuta mara nyingi kwa wanaoanza ni kuhani anayetokea ukurasa wa 14 na kueleza yote: nani alikufa, lini, kwa nini, na afanyiwe nini. Maelezo hayo yavunje, robo ampe mtoto wa kijijini, robo iwe kwenye jiwe la kaburi, robo aikosee mlevi, na iliyobaki asiiseme mtu. Hitilafu ya pili ni kulia kabla ya msomaji. Mhusika akimwaga machozi kisanduku cha kwanza cha msiba, msomaji anapumzika, kazi imefanywa kwa niaba yake. Hitilafu ya tatu ni kisasi kinachofuta kila kitu: muuaji anauawa, mzuka unatabasamu, unapaa. Angalia Samon alivyofanya katika Kikka no Chigiri. Alikwenda Izumo, akamuua ndugu wa Akana aliyehusika na kifungo chake. Akana hakurudi kushukuru. Samaki walishapoa.

Watoto waliokufa wana mandhari yao, na inafaa kuitambua hata ikipita kwenye kisanduku kimoja. Kando ya mto wa wafu, Sai no Kawara, watoto hupanga mawe kuwa minara kwa ajili ya wazazi wao, mazimwi huibomoa, na Jizo, mtakatifu wa Kibudha anayewalinda watoto, huwaficha ndani ya mikono ya kanzu yake. Ndiyo sababu sanamu ndogo ya Jizo kando ya barabara huvalishwa kitambaa chekundu kifuani na kuwekewa vijiwe. Mchoraji akimweka ronin anasimama na kuongeza kijiwe kimoja, amekueleza kuhusu mtoto fulani bila kumtaja.

Na kimono. Aliye hai huvaa upande wa kushoto juu ya wa kulia. Maiti huvishwa kinyume, wa kulia juu. Tafsiri nyingi za zamani za manga ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kushoto kwenda kulia. Matokeo yake panga zilihamia nyonga ya kulia, na kila mtu aliye hai akavikwa kama maiti. Katika hadithi ya mizuka hilo ni kosa la kuua: kisanduku ambacho mchoraji alibadili kola ya mtu mmoja makusudi, ili msomaji makini ajue huyu alishakufa, hakisomeki tena, kwa sababu huyo pekee sasa ndiye anayeonekana amevaa kama walio hai. Mugen no Junin ilinusurika kwa namna yake. Mgongoni mwa Manji kuna manji, alama ya Kibudha, ambayo ikigeuzwa inakuwa alama ya Manazi, basi mchapishaji wa Kiingereza, Dark Horse, alikata visanduku na kuvipanga upya kimoja kimoja badala ya kugeuza ukurasa mzima. Kwa hiyo ukipata toleo la zamani, kabla hujaanza kusoma tafuta ukurasa wenye samurai wawili wamesimama mtaani mchana. Tazama panga ziko nyonga ipi, kisha tazama kola.